Taya la Ngiri Shingoni mwa Bibi

Wewe unayeanza kunisoma leo, usijali, hujakosa la maana. Nilifukuzwa chuo kikuu Nairobi kwa kubandika tangazo la uongo kwamba mtihani umeahirishwa. Darasa zima lilifunga mizigo likaenda makwao, nami nikarudi Voi bila digrii. Hapo Voi nikampenda Rayhana. Kumpenda Rayhana si kazi. Kazi ni baba yake.

Mzee Mwinyihaji ana duka la misumari karibu na stesheni, na ulimi wake ameunoa humo humo. Aliniambia mbele ya wateja:

"Harith, binti yangu simpi mtu wa kukaa barazani akichekesha watu. Wataka mke, tafuta kazi. Na hiyo kazi sitaki kuambiwa. Nitakuja niione kwa macho yangu."

"Na ukiiona, baba?"

"Nikiiona, twazungumza. Nisipoiona, Munir yupo."

Munir ni mpwa wake, muuza spea za magari, mtu ambaye akijikwaa kwa jiwe analiomba jiwe radhi. Nishindwe na huyo? Afadhali nirudi chuoni nikasafishe vyoo.

Wiki jana, wasomaji wangu, niliwaacha Taveta, nikimfokea karani wa basi kwa Kiingereza, na mzee mmoja mnene kutoka Tanzania akanisikiliza mdomo wazi kama anayetazama sinema. Huyo alikuwa Thadeus. Amefungua shule ya Kiingereza ng'ambo ya mpaka na anatafuta Mkenya. Hakuniuliza kama nina digrii. Aliniuliza tu kama naweza kufoka vile mbele ya watoto.

Nikamwambia hiyo ndiyo fani yangu.

Basi, siku ya kwenda kuripoti, gari letu lilipata pancha pale Salaita, kabla ya kufika Taveta. Dereva akatoa jeki. Abiria wakashuka kulalamika. Mimi nikaingia kichakani kujisaidia, na hapo ndipo nilipoliona: taya la ngiri, limekauka jeupe kwa jua, meno yake mawili yamejikunja juu kama masharubu ya chifu.

Mtu wa maana angeliacha pale. Mimi nikalifunga kwa gazeti nikalitia mkobani, meno yakichungulia nje. Gazeti, kwa sababu ngiri ni nguruwe tu aliyekosa mwenyewe, na mamangu akijua nimemshika kwa mkono ataniosha mara saba, moja kwa mchanga, kama dini yetu inavyotaka. Sikuwa na mpango nalo wowote. Nilidhani nitamtilia mtu kitandani.

"Kijana, hayo meno unampelekea nani?" mama mmoja wa Chala akaniuliza gari lilipoondoka.

"Baba mkwe."

Hakucheka. Nilicheka peke yangu mpaka Taveta. Kumbukeni hicho kicheko, maana kimenitokea puani.

Sasa nisikilizeni. Mwaka huo wa tisini na sita vijana wa rika langu walikuwa wanaenda ng'ambo, Uingereza, Amerika, wanatuma picha wamesimama kwenye theluji. Ng'ambo yangu mimi ukisimama Chala ukatema mate kwa nguvu yanaangukia huko. Dirishani mwangu nilikuwa naona kilima cha kwetu. Nilikuwa ughaibuni na jogoo wa Kenya ndio walioniamsha.

Na hiyo shule! Ilikuwa ghala la kahawa. Thadeus alilipaka bluu, akaandika jina ukutani kwa herufi kubwa: Kilele Royal International, halafu ukuta ukaisha. Neno la mwisho, Academy, ikabidi liandikwe kwenye choo cha wavulana. International yenyewe ilikuwa ni mimi.

Asubuhi ya kwanza nikaingia hoteli ya jirani na Mwalimu Zephaniah, kijana mpole aliyekuwa anafundisha masomo mengine yote.

"Nipe chai na chapati mbili," nikamwambia mama mwenye hoteli.

Akaniangalia kama nimevunja kikombe.

"Nikupe?"

"Ndiyo. Nipe."

"Kwani kaka, nilikunyang'anya?"

Hoteli nzima ikacheka. Zephaniah akaninong'oneza:

"Anataka useme 'naomba'."

"Kwani nanunua ama nimekuja kuomba msaada?"

"Unanunua, kaka. Lakini unaomba."

Nikamwambia kwetu Voi chai huombi, unaitisha, unaletewa, unalipa, unaondoka, na hakuna anayekuuliza umeamkaje. Yule mama akatabasamu vizuri sana. Chai ikaja baridi. Kesho yake, baridi. Wiki nzima niliinywa baridi, na kila siku nilitoka pale nikijiona mshindi.

Darasani ndiko kulikuwa na vituko. Thadeus aliwaambia wazazi watoto wanajua Kiingereza tayari. Nikajaribu darasa la nne.

"What is your name?"

"Yes, teacher!"

"Where do you live?"

"Yes, teacher!"

"Are you goats?"

"Yes, teacher!" Kwa furaha. Ghala likatikisika.

Kusema kweli nilifurahi pia. Siku ile waliniungamia kwamba wao ni mbuzi, kwamba wameiba mwezi, na kwamba Mwalimu Zephaniah ni mke wangu. Zephaniah aliyekuwa dirishani akaniambia, "Si vizuri, kaka." Nikamwambia aombe radhi, ameingilia kipindi. Akaomba! Unamfanyia nini mtu kama huyo?

Mmoja tu ndiye hakuitikia "yes" kwa kelele. Mable, binti ya Thadeus, kasichana kembamba kasikojua kucheka. Alikuwa akinitazama mdomo kama anayesubiri sheria itoke. Siku hiyo nikamwambia, kwa mzaha tu, "Wewe nyamaza mpaka nikwambie uongee." Nikasahau. Kesho yake mama yake akaja shuleni kuuliza mtoto amerogwa na nani, tangu jana hajafungua mdomo.

"Huyo usimtanie," Zephaniah akaniambia. "Wengine wanasikia. Huyo anatii."

Nikamwambia nashukuru kwa mawaidha, sheikh.

Katikati ya wiki Thadeus akaniita ofisini. Ofisi ilikuwa chumba cha kupimia kahawa, na aliketi juu ya mizani.

"Mwalimu Harith, samahani sana kukusumbua."

"Sema tu, mzee."

"Naomba nikwambie kwa heshima. Nikipita uwanjani nasikia Kiswahili. Nikipita jikoni nasikia Kichaga. Wazazi wanauliza Kiingereza kiko wapi. Sasa naomba, ikifika Jumamosi mambo yakiwa hivi hivi, naomba nikusindikize mwenyewe mpaka mpakani."

Hawa watu hata wakikufukuza wanaomba.

Na Jumamosi hiyo hiyo, dereva wa lori alikuwa ameniletea salamu kutoka Voi: Mzee Mwinyihaji anakuja Taveta siku ya soko, adhuhuri nimpokee, nimvushe, aione kazi. Yaani, kama Ijumaa watoto hawaongei Kiingereza, Jumamosi nampokea baba mkwe nikiwa na kazi ya kubeba mkoba wangu mwenyewe. Na Munir anakula pilau ya harusi yangu.

Hapo ndipo nikakumbuka diski.

Wakenya wenzangu mnaijua. Nani hajaivaa? Shule zote tulizosoma ilikuwepo, kibao au mfupa kwa kamba. Ukisikika unaongea lugha ya kwenu unavalishwa shingoni, na huivui mpaka umshike mwenzako akiongea, umvalishe yeye. Jioni ikikukuta nayo, viboko. Sisi tulijifunza Kiingereza hivyo. Tulijifunza na kuvizia, na kusaliti rafiki, na kumfinya mtu apige kelele kwa lugha ya mamake. Elimu kamili.

Nikalitoa taya la ngiri kwenye gazeti. Nikalitia kamba ya mkonge. Nikaliinua mbele ya watoto wote pale uwanjani, na wale wadogo wa mbele wakarudi nyuma.

"Hii ni diski," nikawaambia, mara hii kwa Kiswahili, ili asije mtu akasema hakuelewa. "Anayesikika anaongea Kiswahili au Kichaga, anaivaa. Anayeivaa atamtafuta mwingine anayeongea, amvike. Itakayemlalia analala nayo kwao, na kesho anaanza na choo."

Mable akainua mkono.

"Mwalimu, tukimsikia mtu mkubwa?"

"Mtu yeyote."

"Hata mzee?"

"Hata mzee, hata mpishi, hata askofu akipita. Mtu yeyote. Anybody!" Nikawaimbisha. "Teacher said?"

"Anybody!"

Zephaniah alinivuta shati pembeni.

"Kaka, kwenu huo ni Kiingereza. Huku kwetu mtoto akionekana barabarani na mfupa shingoni, watu hawataona Kiingereza. Wataona jambo lingine."

"Ushamba," nikamwambia.

"Ni ushamba, sawa. Lakini ndio ninaoishi nao."

Nikamcheka. Leo nikikumbuka nilivyomcheka natamani nijivike lile taya mwenyewe.

Diski ilifanya kazi, wacha! Siku mbili hukusikia neno la Kiswahili pale uwanjani. Hukusikia neno lolote. Watoto waliacha kuongea kabisa. Waliruka kamba kimya. Walipigana kimya. Mmoja alianguka kutoka mtini akalia bila sauti, machozi tu. Kilele Royal International ikawa na utulivu wa makaburini, na Thadeus akapita pale mikono nyuma, akatega sikio, akatabasamu.

"Kiingereza kimeanza kuingia," akasema.

Ijumaa jioni mtoto mmoja wa darasa la nne alikanyagwa na ng'ombe. Akasema "Mama!" Mtoto mwenyewe ni Mable. Diski ikamlalia yeye.

Nikamwona akienda kwao, taya limemfika kifuani, anatembea wima kama amebeba bendera. Nikamwita Zephaniah aje acheke. Hakuja.

Jumamosi asubuhi mlango wangu ukagongwa.

"Kaka, unaitwa kwa mkurugenzi," Zephaniah akasema. "Vaa viatu vya kukimbilia."

Nilidhani ameanza kujifunza utani. Kumbe wapi. Migombani kwa Thadeus kulijaa watu, na katikati yao, juu ya kigoda, ameketi Bibi Manka, mama yake mzazi Thadeus, mwanamke mkubwa mwenye uso mkavu. Lile taya lilikuwa shingoni mwake. Meno ya ngiri yamemkingama kidevu huku na huku. Hakuna mtu aliyethubutu kumkaribia.

"Mable," Thadeus alikuwa anauliza, jasho linamtoka, "mwanangu, ulifanya nini?"

"Bibi alisema Kiswahili."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mjukuu wangu, niletee maji.'"

"Ukamvika?"

"Nikamletea maji kwanza. Akanywa. Akasinzia. Ndipo nikamvika."

Nilicheka. Siwafichi. Ilinitoka tu, na ilinitoka peke yangu, kama kule kwenye gari. Migomba yote ikanigeukia.

"Anacheka!" mwanamume mmoja akasema. "Hao wa Voi nawajua mimi. Si ndio wanaoweka mafuvu ya babu zao mapangoni kule milimani?"

"Hao ni Wadawida, Wataita wa milimani, na hayo ni ya zamani," nikamjibu. "Mimi ni Mswahili wa mjini. Sina pango. Babu yangu alikuja na reli."

"Alikuja na nini kingine?"

"Basi," Bibi Manka akasema. Akanitazama kutoka viatu kwenda juu. "Wewe kijana, hujanisalimu."

Ni kweli. Wiki nzima nilipita mbele ya nyumba yake bila salamu, nikiwaza chai yangu baridi.

"Shikamoo, bibi."

"Imechelewa. Mfupa huu umeutoa wapi?"

"Salaita."

"Upande wenu?"

"Upande wetu."

"Basi utarudi huko, na mimi ninakwenda nao. Utanivua kwa mkono wako, pale pale ulipouokota, ukiniambia umenitakia nini mimi. Mpaka hapo sili, sinywi, na asinivue mtu."

"Mama," Thadeus akabembeleza, "na mwalimu?"

"Akinivua salama, mwalimu ni wako. Nikipata hata kikohozi, simtaki upande huu wa mlima."

Mimi kichwani nilikuwa nimeshapanga. Tunapita Taveta haraka, tunafika Salaita, navua, nasema maneno mawili matatu ya huzuni, tunageuza, na adhuhuri nampokea Mzee Mwinyihaji nikiwa mwalimu kamili na mkurugenzi wangu pembeni. Kwa akili hizi, jamani, ndio nilikosa digrii?

Tukapanda pikapu ya Thadeus. Bibi akakataa kuketi mbele, alisema meno yatagonga kioo. Akawekewa kiti nyuma, mimi na Zephaniah huku, Mable kule, na Thadeus akamwomba mama yake, kwa heshima zote, ajifunike kitenge ili watu wasione.

Mpakani afisa alitazama kile kitenge kilichochongoka kama hema.

"Mama, chini ya nguo kuna nini cha kulipia ushuru?"

Bibi akafunua. Afisa akafunika mwenyewe.

"Piteni, mama. Piteni tu."

Taveta siku ya soko hupiti haraka. Hilo, kwa akili zangu zote, nilikuwa nimelisahau. Ndizi za Mboghoni zimemwagwa mpaka barabarani, watu wanapatana bei katikati ya njia, na ukipiga honi wanakuuliza unaharakia wapi. Pikapu ikakwama katikati ya marobota ya mitumba. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, kichwa chini.

Fimbo ikagonga bodi la gari.

"Harith! Umeinamia nini, umeangusha nini?"

Nikainuka polepole. Mzee Mwinyihaji, kanzu nyeupe ya kung'aa, kofia ya viua, ndevu bado zina matone ya maji. Ametoka kutia udhu, anaelekea msikitini. Nyuma yake, Munir, amebeba mkoba wake kama mkewe.

"Baba! Tulikuwa tunakuja kukupokea."

"Na wote hawa?"

"Huyu ni mkurugenzi wangu, Mzee Thadeus. Huyu ni mama yake. Ni... ni ziara ya shule."

Thadeus akatoa kichwa dirishani. Nikamwangalia kwa macho ya mtu anayezama. Na hapo, ndugu zangu, nikajua kwa nini Mungu aliwaumba watu wenye adabu, niliowadharau wiki nzima. Thadeus alielewa. Hakuweza kumwaibisha mtu mbele ya baba mkwe wake.

"Mwalimu wetu huyu," akasema, "ni mtu... wa kipekee. Hatujawahi kupata kama yeye."

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Mwinyihaji.

Akazunguka nyuma ya pikapu, akamsogelea Bibi Manka, akaweka mkono kifuani.

"Shikamoo, mama yangu. Poleni na safari. Mwaonaje hali? Hawajambo nyumbani? Jua hili litawaumiza, mngepumzika kidogo mkapata maji."

Bibi Manka uso wake mkavu ukalainika.

"Marahaba, baba. Hatujambo kabisa." Akamgeukia Thadeus. "Kumbe wako Wakenya wanaosalimia."

"Huyu kijana wetu ana makosa yake," Mzee akaendelea, "hakulelewa, aliachwa akue. Lakini akifunzwa hufunzika. Mkimvumilia, mama, nami nitamvumilia. Naiona kazi anayo. Mimi neno langu ni moja."

Mmesikia? Naiona kazi anayo! Neno langu ni moja! Nilimwona Munir akihamisha mkoba mkono wa pili. Nilimwona Rayhana mlangoni mwangu. Nilikuwa nimeshaanza kuchagua wapishi.

Bibi Manka akanyoosha mkono kumuaga yule mtu muungwana. Mzee akainama kuupokea kwa mikono miwili, shingo ikawa usawa wa bodi la gari.

Na mimi nikamwona Mable.

Alikuwa amesimama. Alikuwa akimtazama Mzee Mwinyihaji mdomo, vile alivyokuwa akinitazama mimi darasani. Huyu mzee alikuwa ameongea Kiswahili kirefu, kizuri, hadharani, na sheria ilikuwa wazi. Nilitaka kusema "Mable, hapana." Alikuwa ameshaanza.

Akafunua kitenge. Akaitoa kamba kichwani mwa bibi yake, taratibu, asimguse sikio. Akamvika Mzee Mwinyihaji.

Soko zima likageuka kutazama. Hata wenye ndizi.

Bibi Manka akajishika shingo. "Imetoka," akasema kwa mshangao.

Mzee akajiinua. Taya la ngiri likatua katikati ya ile kanzu nyeupe. Akalitazama kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Ni nini hii?"

Munir ndiye aliyesogea. Akaangalia vizuri, maana ni mtu wa uangalifu.

"Ni ngiri, baba."

"Ngiri yupi?"

"Taya lake." Na pale pale adhana ya adhuhuri ikaanza. Munir akangoja ipungue kidogo, akaongeza kwa upole: "Mara saba, baba. Moja kwa mchanga. Nikutafutie ndoo?"

Mzee hakumtazama. Alimtazama mtoto.

"Binti, nani amekutuma kunifanyia hivi?"

Mable akaweka mikono nyuma. Akainua kidevu. Na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia darasani, ikasikika mpaka kwenye mitumba, akasema:

"Teacher said anybody! Even old people. Even my grandmother."

Mlango wa pikapu ukafunguka. Thadeus akaanguka nje karibu ateguke.

"Mmesikia?" akapiga kelele. "Kiingereza! Mama, umesikia? Kiingereza, sokoni, mbele za watu! Mwanangu!" Machozi yalikuwa yanamtoka. Akanikumbatia akanipiga mgongo. "Mwalimu, Salaita hatuendi tena. Mfupa umetoka, mama mzima, mtoto anaongea. Hakuna wa kukuondoa. Mtoto kasema kweli tupu, mwalimu kamfundisha!"

Kazi nilikuwa nimeipata kwa maisha yangu yote.

Mzee Mwinyihaji alilishika taya kwa vidole viwili, akalivua, kofia ikaanguka, akaliweka juu ya bodi la gari. Akajipangusa vidole kwa kanzu, akakumbuka, akaacha.

"Harith," akasema. Taratibu. "Mimi Kiingereza changu ni cha kusoma boksi za misumari. Wewe ndiye msomi, nieleze. Mtoto huyu asema ni wewe uliyemwambia anivike nguruwe nami nina udhu wangu. Asema kweli, au ni mwongo?"

Nikamwangalia Thadeus, bado amenishika bega, anang'aa. Nikisema Mable ni mwongo, mbele ya baba yake, mbele ya soko, leo leo napelekwa mpakani bila kuombwa chochote, na mtu asiye na kazi hapewi Rayhana. Nikisema ni kweli, kazi ninayo, na Rayhana anaozwa Munir kabla kanzu haijakauka.

Zephaniah aligeuza uso pembeni. Bibi Manka alikuwa anacheka, mara ya kwanza, kimya kimya, mabega tu. Munir alikuwa ameshapata ndoo.

"Nakusikiliza," akasema Mzee Mwinyihaji.

Nikafungua mdomo.

Mable alikuwa ameliokota taya, amelipangusa, kamba ameitanua kwa mikono miwili. Ananitazama mdomo, aone nitajibu kwa lugha gani.